Vitanda Vilivyojiandika Wenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ushindi! Ushindi wenyewe haujafika bado, lakini nauona unakata kona.

Mkurugenzi katukusanya asubuhi. Kampuni yetu inatengeneza vitanda na magodoro, na maduka yetu yametapakaa kila pembe. Duka likipokea oda, huituma kwa mtandao hadi makao makuu. Hapo kinamama wa chumba cha oda huinakili kwa mkono, herufi kwa herufi, kwenye databesi kubwa. Bohari husoma databesi hiyo ndipo ipakie malori. Mkurugenzi akasema huo utumwa umefika mwisho. Anataka kiunganishi: programu itakayokaa katikati, ichote oda zinapofika na kuziandika kwenye databesi bila mkono wa mtu. Kabla ya wiki kwisha. Atakayekifunga vizuri ndiye Mkuu wa Kitengo kipya cha Data. Tena atapewa chumba.

Chumba! Chenye mlango! Mimi nakaa kati ya mtungi wa maji ya kunywa na mlango wa choo. Wafanyakazi wote wa kampuni hii nawajua kwa haraka zao.

Mshindani ni mmoja tu. Tai. Tunamwita hivyo kwa sababu havui tai yake hata umeme ukikatika na feni zikanyamaza. Kila sentensi huianza na "kimsingi". Kasoma kozi ya mambo haya haya, na cheti kakitundika ukutani, usawa wa macho. Mimi sikusoma kozi. Mimi nina kipaji.

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba nimeshateuliwa. Si uongo. Ni habari iliyotangulia. Bahati mbaya akampigia mama yake papo hapo, na mama mkwe akasema anashona pazia la ofisi ya mkwewe. Nikamsihi asijisumbue. Alikuwa keshauliza rangi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumwondoa Tai njiani kistaarabu. Nimemwendea Mkurugenzi na uso wa msiba, nikamnong'oneza kwamba Tai ana mgongo mbaya, anaumia kimya kimya, na kazi nzito itammaliza. Mkurugenzi akaguswa. Akanishukuru kwa utu wangu. Akaamua kiunganishi nikifunge mimi, na Tai akae akiba endapo nitashindwa.

Shabaha! Ila kabla ya saa sita Tai kaletewa kiti kipya. Cha ngozi. Cha magurudumu. Chenye mahali pa kuegemeza shingo. Mimi bado ninacho kile cha plastiki kinachobana suruali.

Haidhuru. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kiunganishi ni tarishi tu. Unamwelekeza nyumba iko wapi, aingie kwa jina gani, abishe kwa nywila gani, na mzigo auweke kwenye jedwali lipi. Mtoto wa chekechea angeweza.

Tatizo ni mwenye nyumba. Databesi yetu inalindwa na mama mmoja anayeitwa Shangazi na kampuni nzima, Mkurugenzi akiwemo. Hakuna kinachoingia mle bila idhini yake. Nikamwendea kwa unyenyekevu. Shikamoo, Shangazi! Akaitikia marahaba, kisha akanikumbusha kwamba tulizaliwa mwaka mmoja. Nikaomba ruhusa zote: kuandika, kufuta, kuunda majedwali na kuyabomoa. Akauliza kubomoa ni kwa ajili gani. Nikasema tahadhari. Akanipa ruhusa ya kuandika kwenye jedwali la oda tu, basi, na nywila akanitumia kwa ujumbe.

Mchana kutwa nimebisha hodi bila kuitikiwa. Nywila si sahihi. Nywila si sahihi! Nikakagua anwani ya seva. Sawa. Jina la databesi. Sawa. Nikaamua hii ni hujuma. Nikasimama mbele ya ofisi nzima nikamtuhumu Tai kwamba kachezea nyaya. Akasema kimsingi hajainuka kitini tangu asubuhi, kwa sababu ya mgongo. Watu wakacheka hadi mtu wa chooni akacheka kupitia mlango. Mwishowe databesi ikanifungia kabisa, kama mlevi aliyepigwa marufuku harusini.

Shangazi akaja, akatazama skrini yangu, akashusha pumzi. Kumbe nilipoinakili ile nywila nilibeba na nafasi tupu mwishoni mwake. Nafasi tupu! Mtu anahukumiwaje kwa kitu kisichokuwepo? Nikamweleza kwamba paka alikanyaga kibodi. Akainama akachungulia chini ya meza, taratibu, akimtafuta paka.

Jumatano, 6 Machi

KIMEUNGANIKA! Saa mbili na nusu asubuhi! Taa ya kijani! Nimepiga kelele mpaka kikombe cha mhasibu kikamwagika.

Kijani kikadumu muda wa kupiga chafya. Kisha nyekundu. Nikakiwasha tena. Nyekundu. Kumbe kwenye jedwali, safu ya simu ya mteja inakubali tarakimu peke yake, na maduka yetu huandika humo chochote kinachowajia. "Piga akishatoka kazini." "Simu anayo shemeji yake." Kiunganishi kikikutana na maneno hayo kinazira, kinasimama, kinanililia nyekundu mbele za watu. Na Tai anapita kila mara na kiti chake, hata hatembei, anajisukuma kwa miguu tu, akiangalia.

Ndipo nikagundua mahali fulani kwenye mipangilio pa kukiambia kiunganishi la kufanya kikikuta oda mbovu. Ama kisimame na kupaza sauti, ama kiiruke na kunyamaza. Nikachagua kunyamaza. Nimeoa miaka mingi. Najua thamani ya chaguo hilo.

Kijani! Kijani tupu, mpaka adhuhuri! Mkurugenzi kapita, kaona, kanipigapiga begani. Tai kaona, kabadilika rangi. Nimekula chakula cha mchana nimesimama, ili kila mtu anione.

Alasiri mkuu wa bohari kaja akikuna kichwa. Kasema oda zimekuwa chache ajabu, madereva wamelala chini ya malori, wengine wanacheza karata. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo sura ya ufanisi. Akasema ufanisi huu unafanana sana na njaa.

Kisha simu. Muuguzi Mkuu wa hospitali. Wodi mpya ya wazazi inafunguliwa Ijumaa, vitanda na magodoro yake yaliagizwa dukani kwetu, na chumba cha oda kinamwambia oda hiyo haipo kwenye databesi. Mkurugenzi akaifungulia simu sauti tusikie wote.

"Mama, mimi nina wajawazito hapa, sina wateja wa kungojangoja," Muuguzi Mkuu alimwambia Mkurugenzi. "Uchungu ukianza hauahirishwi. Vitanda vyangu viko wapi?"

Vilimezwa! Duka lilikuwa limeandika kwenye safu ya simu: "Muulize muuguzi wa zamu." Kiunganishi changu kikaona maneno, kikairuka oda, kikanyamaza, kama nilivyokiagiza. Nilijiona nikiwalaza wajawazito sakafuni kwa mikono yangu mwenyewe.

Mkurugenzi akanigeukia. Nikamjibu kwamba oda hiyo inaiva ndani ya mfumo. Akanipa mpaka kesho. Akaongeza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kufokewa, kwamba la sivyo mgongo wa Tai utapona ghafla.

Nyumbani mke wangu kauliza siku yangu ilikuwaje. Nikasema ya kijani.

Alhamisi, 7 Machi

Siku kuu kuliko zote! Lakini nianze mwanzo.

Asubuhi nimemwangukia Shangazi. Akaibadilisha ile safu ya simu ikubali maneno. Muda wa kunywa chai, basi. Halafu akanieleza kwamba zile oda zilizorukwa hazikupotea. Bado zimejipanga foleni upande wa maduka, kwa hiyo nikiagize kiunganishi kirudi mwanzo wa foleni na kusoma upya. Hapo nikamwona kama malaika. Kisha akaharibu. Akasema kabla ya kusoma upya ni lazima nikipe kiunganishi ufunguo, yaani nikiambie kwamba namba ya oda ndiyo utambulisho wake, ili kikikutana na oda ambayo kimekwisha kuiandika kirekebishe ile ile badala ya kuongeza nyingine.

"Usipoweka ufunguo," akasema, "kila kikisoma kitaandika tena. Kitarundika tu."

Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Huo ufunguo sikuuweka. Ufunguo unapunguza kasi, hilo kila mwenye kipaji analihisi. Isitoshe nilimwona juzi akimpa Tai pipi.

Nikakiagiza kiunganishi: kila kinapowashwa kianzie mwanzo wa foleni. Nikakiwasha. Mungu wangu! Namba zikapanda kwenye skrini kama maziwa yanayochemka! Oda ya hospitali hiyo hapo, salama salimini! Bohari ikaamka. Malori yakanguruma uani.

Tai akapita. Nikaona si vibaya naye akishuhudia. Nikakizima kiunganishi, nikakiwasha tena mbele yake. Namba zikapanda upya, za juu zaidi! Akalegeza tai. Sikuwa nimewahi kuiona shingo ya mtu yule.

Saa nane Mkurugenzi kaja na wageni wa bodi. Ningewanyimaje? Nikakiwasha mara nyingine. Namba zikavuka rekodi ya kampuni. Mzee mmoja wa bodi akapiga makofi. Shangazi alikuwa nyuma yao, akaangalia skrini, akafungua mdomo, lakini makofi yakamfunika.

Nimeteuliwa! Hapo hapo, nimesimama! Mkuu wa Kitengo cha Data!

Chumba changu kilikuwa stoo ya karatasi. Hakina dirisha. Mama mkwe kafika jioni na pazia la zambarau lenye maua makubwa kama sahani, akazunguka kuta zote nne akitafuta pa kulitundika. Nikadhani amekata tamaa. Simjui bado. Kalitundika ukutani hivyo hivyo. Sasa chumba kinaonekana kina dirisha ambalo mwenyewe hataki kulifungua.

Kamwambia mke wangu kwamba siku zote alijua nitafika mbali. Siku ya posa yetu hakusema hivyo. Lakini leo sina kinyongo na mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku imeanza na mtu anayelia.

Bwana harusi mtarajiwa. Aliagiza kitanda kimoja kikubwa. Vimeshushwa vitatu, mbele ya mchumba wake. Mchumba kauliza kwa utulivu hivyo viwili ni vya akina nani. Bwana harusi akataka niongee naye kwa simu nimweleze. Nikaongea. Nikasema huenda ni vya akiba. Simu ikakatwa, na si na mimi.

Kisha mwalimu mstaafu, magodoro matatu badala ya moja. Huyu hakulalamika. Alipiga kusema kwamba keshapanda juu yake na hashuki. Kisha simu zote kwa pamoja. Mkuu wa bohari akaja akasimama mlangoni pangu (nina mlango!) akasema bohari imebaki misumari na mwangwi.

Kila nilipokiwasha, kiliandika upya. Oda zote. Mara tatu.

Mkurugenzi kaingia bila kubisha. Hakufoka. Kasema malori yaliyokwenda hospitali yameshusha mzigo mara tatu ya ulioagizwa, wodi itakuwa haipitiki, na kiongozi wa afya wa eneo anafika saa nne kukata utepe. Twende. Wewe na mimi. Utavibeba vya ziada mwenyewe, mgongoni. Tai naye akapanda gari. Hakualikwa. Alikuwa amefunga tai mpya.

Njiani nikawaza namna ya kumwambia mke wangu. Nikawaza namna ya kumwambia mama mkwe, nikaona afadhali nihame.

Tukafika. Korido imejaa vitanda mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila kitanda kuna mtu. Nikadhani nimekosea mlango. Wanawake wenye matumbo, wanawake wenye vichanga, mabibi na chupa za chai, wauguzi wanapita upande upande. Vitanda vyetu bado vina nailoni ya kiwandani. Muuguzi Mkuu akatuona kwa mbali, akaja mbio. Nikarudi nyuma ya Mkurugenzi.

Akamkumbatia Mkurugenzi. Akalia.

Jana jioni upepo uliezua paa la zahanati ya jirani. Alfajiri kinamama wote wa kule wakahamishiwa hapa, magari mawili, matatu, bila taarifa. Wodi haikuwatosha hata nusu. Akawa anaanza kutandika mikeka sakafuni, na wengine uchungu umeshawashika. Ndipo malori yetu yakapiga honi getini. Lori la kwanza, la pili, la tatu.

"Mlijuaje?" akauliza, akijifuta macho na kona ya aproni. "Hata mimi mwenyewe sikuwa nimewaambia. Mlijuaje?"

Mkurugenzi akanitazama. Kiongozi wa afya, na mkasi wake mkononi, akanitazama. Tai akakohoa, akaanza kwamba kimsingi hili lilikuwa ni kosa la... Mama mmoja kitandani akamwambia "Shhh!" kwa ukali wa nyoka. Mwanawe ndiyo kwanza alikuwa amelala. Tai akafunga mdomo. Sentensi ikabaki hivyo hivyo, bila mwisho.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba data huongea, dada yangu, kwa mwenye kusikiliza.

Makofi! Ya chini chini, kwa sababu ya watoto, lakini makofi!

Niandike na hili, maana hakuna atakayelisoma. Kulikuwa na binti mmoja kwenye kitanda cha mwisho kabisa, karibu na ngazi. Kitanda ambacho hakikupaswa kuwepo duniani. Mtoto wake ana saa chache tu, mkubwa kama mkate. Nailoni ya godoro ilikuwa inapiga kelele kila akijigeuza, naye anaogopa kumwamsha. Nikapiga magoti nikaichana pole pole, upande mmoja, kisha mwingine, mpaka ikatoka yote. Akasema asante, kaka. Nikajifuta macho kwa ile nailoni. Nikamwambia Mkurugenzi ni vumbi la godoro.

Garini akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilijua. Nikamjibu kwamba mambo haya hayaelezeki kwa lugha ya kawaida. Akanitazama hadi taa za barabarani zikabadilika mara mbili. Kisha akasema hospitali inavichukua vyote, na zahanati paa likirudi inataka vingine. Cheo kinabaki changu. Bwana harusi ameshapelekewa barua ya kampuni kuthibitisha uaminifu wake.

Ofisini nikamkuta Shangazi ameshazima kiunganishi changu, ameshafuta marudio yote, na ufunguo ameuweka mwenyewe: namba ya oda. Nikajiandaa kwa mahubiri. Hakuhubiri.

"Baba, leo umebahatika," akasema akikusanya mkoba wake. "Bahati haina zamu."

Nikamsamehe. Wivu ni ugonjwa, na leo nimetoka hospitali.

Jumatatu, 11 Machi

Wiki ya pili ya utawala wangu, ukihesabu na ile ya kwanza.

Habari zimeenea. Muuguzi Mkuu kanipigia mwenyewe, akaniita bwana mtaalamu. Hospitali inataka majina ya watoto wanaozaliwa yaandikwe moja kwa moja kwenye databesi yake, kutoka mashine ya wodini. Anayemwamini ni mimi. Mkurugenzi kasema tusaidie bure, kwa heshima ya kampuni. Nikakubali kabla hajamaliza.

Na asiseme mtu kwamba mimi sijifunzi! Safari hii nimeweka ufunguo. Tena mara ya kwanza, bila kukumbushwa. Kiunganishi kikikutana na ufunguo kinaoujua, kinarekebisha mstari ule ule, hakiongezi. Hakuna kurundika.

Shangazi akapitia mlangoni akauliza ufunguo wenyewe ni upi. Nikamwambia: jina la baba. Jina la kwanza tu. Fupi, la heshima, rahisi kukumbuka.

Akashika fremu ya mlango. Akauliza kwa nini nisitumie namba ya mtoto. Nikamwambia namba ni za wafungwa. Akauliza, na baba mwenye watoto wawili je? Na mababa wawili wenye jina moja? Nikamwambia, Shangazi, kwa heshima zote, kuna watu wakipewa bahari wanauliza chumvi. Akaondoka bila kuaga. Nadhani anakaribia kustaafu.

Mchana nimekijaribu kwa orodha ya watoto wa mwaka mzima. Ajabu! Hakuna kosa, hakuna nyekundu, kijani mwanzo mwisho! Orodha ndefu ile, na watoto wote wametosha kwenye skrini moja, hata kusogeza chini hakuhitajiki!

Nimempigia Muuguzi Mkuu kumpongeza. Nimemwambia uzazi wa mpango umefanikiwa kuliko yeye mwenyewe alivyofikiri. Kaniuliza mara tatu ni watoto wangapi.

Furaha, bila shaka.